Kiwanja cha Kanisa

Biharamulo, Agosti 1974

Mdogo wangu Bartholomayo,

Nawasalimu wote hapo Muleba. Katika kijiji hiki tulichohamishiwa, mahindi yamekauka.

Unasema Jumapili mchungaji ataweka jiwe la msingi wa kanisa kwenye shamba nililokuachia, na kwamba mjane Kokwijuka huwaletea mafundi maji kila siku, kisha anasimama akiwatazama. Nimeogopa. Kiwanja hicho ni chake. Mwaka wa Uhuru, mumewe akiwa mahututi, niling'oa mimea ya mpaka, mulamula, nikaipanda hatua thelathini ndani ya shamba lao. Kokwijuka alikuwa mlangoni, akiniona.

Nikamwambia, "Hujaona kitu."

Akajibu, "Mungu ameona, Kagaruki. Mimi nitasubiri mjenge hapo."

Simamisha kazi. Nenda kwake leo, upige magoti, umsomee barua hii yote.

Kaka yako, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na miwili,
Kagaruki