Naomba Kutoka

Shikamoo shangazi,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali inanimaliza, nikirudi kitinda mimba naye anataka kubebwa, na nikishika kalamu usingizi unanishika mimi.

Chiriku wetu alikuja likizo kutoka ile shule ya kurekebisha vijana uliyomtafutia nafasi. Mashavu yamejaa. Asubuhi moja alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Mama, naomba kutoka."

Nikabaki na ufagio mkononi. Unajua mwenyewe alivyokuwa akitoka: dirishani, bila kuaga, mpaka kwa wale waliokuwa wakimpa vidonge vya kulevya.

"Unakwenda wapi?"

"Dukani, chumvi imekwisha. Mbona unanikodolea macho? Kule shuleni kwetu hauvukwi mlango bila kuomba, hata mpishi anaomba."

"Na nikikataa?"

"Basi leo tutakula chakula cha wagonjwa."

Nilicheka, nikamruhusu. Kisha nikasimama dirishani, nikimfuata kwa macho. Akarudi na chumvi, akabisha hodi nyumbani kwao.

Ahsante, shangazi. Sina neno kubwa kuliko hilo. Ila nimemwambia wazi: likizo ikiisha anarudi, alie asilie, mpaka walimu wenyewe waseme yuko tayari.

Bado nahitaji viatu vyake vyeusi vya shule, sabuni ya kufulia, na pazia jepesi la dirisha la chumba chake. Zile nondo za dirisha nilizokuomba, sizihitaji tena.

Mwanao,
Mama Chiriku