Salamu Nilizozikata

Jeneva

Kwa Mjomba Kombo, Shimoni.

Shikamoo mjomba, na asalaam aleikum. Umeamkaje, mgongo umeamkaje, na mkaza mjomba na kifua chake? Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi ipo, kazi ipo.

Simu zangu hupokei, kwa hivyo naandika, na mama atakusomea utake usitake. Ameniambia mambo mawili. Kwamba nimekuvunjia heshima mbele ya mataifa, na kwamba waandikishaji wakija Jumatatu hutakwenda, kwa kuwa hukitaki kitambulisho kilichoombwa bila adabu.

La kwanza ni kweli. Acha nikueleze lilivyokuwa.

Ukumbi ule wa mataifa una utaratibu wake. Kila serikali huja kwa zamu kueleza inavyowatendea watu wake. Serikali nyingine huuliza maswali, na mashirika kama hili langu hupewa dakika mbili tu. Zikiisha, kipaza sauti huzimwa, hata uwe katikati ya neno. Nilimwona mzee mmoja akizimiwa angali anashukuru kwa kukaribishwa. Alikunja karatasi yake, akaitwa mwingine.

Ungesimama pale wewe mwenyewe, ila asiye na kitambulisho hapati pasipoti, na asiye na pasipoti haji huku kusema kwamba hana kitambulisho. Ndipo ukanitumia sauti yako kwa simu. Dakika saba, mjomba! Nne zilikuwa salamu. Uliwaamkia wakubwa, ukawauliza hali za watoto wao, ukawaombea mvua ya kheri. Nilizikata zote. Nikaanza na maneno yako haya: "Nimezaliwa Shimoni, wazazi wangu walitoka Pemba. Siku wenzangu walipoandikishwa nilikuwa dago, kambi ya wavuvi, nikasazwa." Niliona haya. Hata dukani sijapata kuingia namna ile.

Mjumbe wa nchi moja ndogo, ambayo kwenye ramani naitafuta kwa kidole, alikuwa ameshauliza hilo hilo. Nilimfuata wiki nzima mpaka kwenye foleni ya chai, akachoka, akakubali. Basi mjumbe wetu alipojibu, alikuwa anatujibu wawili, mwenye nchi na asiye na kitu. Akasema waandikishaji watarudi vijijini kwa wale waliosazwa. Yakaandikwa pale pale, na maneno yaliyoandikwa hayamezeki. Mara nyingi mambo huku huishia kwenye karatasi. Hili halikuishia huko, maana mama anasema chifu ametangaza, na watakaa siku moja tu.

Mimi karatasi zangu zilitoka kwa baba, Mdigo, na mama aliandikishwa siku ile wewe uko dago. Katika nyumba yetu umebaki wewe, na nyuma yako Riziki. Binti amemaliza shule, chuo kimemwita, na ofisini wamemwambia alete kwanza kitambulisho cha baba yake.

Nisalimie mkaza mjomba Bi Time, na bibi Mwanakombo mkunga wetu, na maalim wa chuo cha Kurani aliyenifundisha kusoma. Mama mpe pole kwa kusoma yote haya kwa sauti.

Nimekosa, mjomba, nami nakuomba radhi. Umenikasirikia na una haki. Wala sikuambii uiache hasira nyumbani. Nenda nayo Jumatatu, simama nayo kwenye foleni. Hakuna atakayekuuliza.

Mpwa wako,
Mwanaharusi