Mlango wa Kibokoni Kwenye Pakiti

Nairobi
11 Februari 2024

Mama mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai waamka salama, na goti halikusumbui sana ukipanda ngazi. Mimi ni mzima wa mwili, kazi tu ndiyo inanibana.

Kopo la kachiri ulilonitumia kwa basi limefika, lakini sikulila mimi. Nililiacha mezani ofisini, nikarudi nikamkuta Lennox, mkuu wangu, amelipakata. Akaniuliza, "Huu ni muhogo wa wapi, mkavu hivi na mkali hivi?" Nikamwambia ni wa mamangu, na namna anavyoutengeneza siijui.

Mama, kuna kampuni ya vitafunio inayotaka kitu kipya, na ofisi yetu ndiyo ya kuwabunia pakiti na matangazo. Nimechora mpaka vidole vinaniuma, na kila ninachopeleka hurudishwa. Wenzangu wawili wameshaambiwa wakusanye vitu vyao. Jana nikauchora mlango wetu. Pakiti yenyewe ndiyo mlango: mbao mbili za kuchongwa, unazivuta kutoka katikati, zinafunguka, na ndani pana mkono wa mwanamke mwenye bangili, umeshika sahani. Lennox alipouona alivuta kiti akakaa, na yeye hakai mbele ya kazi ya mtu.

Naomba unieleze kachiri unavyozifanya. Umwombe Awino aupige picha mlango, na akurekodi ukimkaribisha mgeni, vile unavyosema siku zote.

Mwanao,
Zoher

Kibokoni, Mombasa
20 Februari 2024

Mwanangu Zoher,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo, na goti ni lile lile, twajuana. Awino akitoka kazini bandarini hunipandishia ndoo zangu kabla ya kwenda chumbani kwake juu. Mpangaji kama yule ni bahati.

Wataka kujua nini kuhusu kachiri? Mwaka hadi mwaka nimekuwa nikitia ndimu, na ndimu huzilegeza. Ukizikaanga asubuhi, jioni zimekuwa kama kitambaa. Siku moja ndimu zilikwisha, nikauona unga wa ubuyu umebaki bakulini. Nikaunyunyiza na pilipili na chumvi. Ukali ukawa ule ule, na kachiri ikavunjika mdomoni hata wiki ya pili. Nilicheka peke yangu jikoni, mtu mzima mimi. Tangu babako afariki sikuwa nimecheka nikiwa peke yangu.

Picha imepigwa. Kurekodi ndiko kulikochukua muda, maana kila Awino akiinua simu mimi naangua kicheko. Mwisho nikasema, "Nani? Ingia, mlango wako huu." Ndivyo babako alivyoniambia niwajibu watu nilipoolewa nyumba hii. Karatasi za kampuni ulizotuma nimetia sahihi zote. Sikuzisoma. Kama zakufaa kazini, yatosha.

Kula vizuri, Nairobi baridi.

Mamako,
Hajrabai

Nairobi
2 Juni 2024

Mama yangu,

Assalaam aleikum, na salamu nyingi kwa Awino. Nakuombea afya, na mimi sijambo, nina furaha hata sijui nianzie wapi.

Ndani ya katoni hii ni pakiti zenyewe. Vuta mlango uone. Madukani zinakwisha kabla hazijapangwa. Na pale ufukweni Mama Ngina, wanakokaa wauza mihogo na madafu, tumesimamisha mlango mkubwa wa mbao. Mtu anagonga na kusema, "Mama, fungua." Sauti yako inaitika, mlango unafunguka, na mkono wa mpira unampa pakiti. Watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Redioni nako ni hayo hayo, "Mama, fungua," asubuhi na jioni.

Nimepandishwa cheo, mama. Kwa ajili ya mlango wako.

Mwanao,
Zoher

Kibokoni
19 Juni 2024

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Twashukuru, hapa sote wazima.

Nilikwenda Mama Ngina na Awino. Mbele yetu alikuwa bwana mmoja wa suti na tai, mnene, anaonekana ni mtu wa ofisi kubwa. Akagonga, akasema kwa adabu kama mtoto, "Mama, fungua." Nikajisikia nikimjibu. Nilicheka mpaka Awino akanishika mkono. Ilipofika zamu yangu sikugonga, nikaondoka bila pakiti.

Jambo moja. Juzi walikuja mume na mke kutoka Thika, wakabisha nyumbani. Wameujua mlango kwa ile picha. Niliwafungulia, nikawapa chai na kachiri, wakafurahi sana. Jana wakaja wengine, na leo wengine. Siwezi kumwacha mtu nje, wanijua. Lakini goti, Zoher, na ngazi zile. Waambie wenzako wabadilishe kidogo mchoro.

Mamako,
Hajrabai

Kibokoni
3 Septemba 2024

Zoher mwanangu,

Assalaam aleikum. Hujambo? Barua yangu ya Juni hukuijibu, nikafikiri umesafiri.

Ukipiga simu huipati kwa sababu nimeitoa laini. Kuna mtu aliitoa nambari yangu, na wanaopiga hawana haja ila niwaambie yale maneno.

Sitoki tena. Nyumba yetu waijua, nyuma ni ukuta wa jirani, mlango ni huo mmoja. Tangu asubuhi wako barazani, wanagonga na kuita. Hawana ubaya. Wananicheka kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonishinda, maana mtu mbaya ningemfukuza. Nilipojaribu kwenda sokoni, nilisema tu "nipimie nyanya", muuzaji akageuka akawaita wenziwe. Tangu hapo msikitini sijaenda, wala matangani kwa jirani sikufika. Naongea na Awino kwa kunong'ona ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mboga naagiza kwa kikapu. Nakishusha dirishani kwa kamba, mtu wa mboga anakijaza, nakivuta. Hata hilo wanapiga picha.

Nakuomba, mwambie huyo Lennox autoe mlango wangu.

Mamako

Nairobi
14 Septemba 2024

Mama,

Assalaam aleikum. Nisamehe kwa kuchelewa. Sikusafiri. Barua ya Juni niliisoma, nikaiweka kwenye droo.

Nimezungumza na Lennox. Amesema mlango na sauti ni vya kampuni mpaka mkataba uishe, na bado miaka miwili na zaidi. Nikamwambia mamangu hawezi kutoka nje. Akasema, "Pole. Lakini umeiona video ya kikapu?" Mama, ile video imetazamwa nchi nzima. Wameamua kachiri za sikukuu ziuzwe ndani ya vikapu vidogo vyenye kamba. Mimi ndiye niliyepewa kuvichora, na nimevichora.

Na sasa kuna shindano, "Utafute mlango wa kweli." Sikulibuni mimi. Nilipolipinga mkutanoni waliniuliza kama nimechoka na cheo changu. Nimechukua mkopo wa nyumba kwa mshahara huu, na mke wangu Fariha ni mjamzito. Vumilia mpaka Desemba, nitakuja.

Mwanao,
Zoher

Barazani, Kibokoni
7 Desemba 2024

Mama,

Naisukuma karatasi hii chini ya mlango. Ni mimi, Zoher. Nimegonga na kuita, na hukufungua. Najua kila mtu anaita hivyo hivyo, kwa hiyo huenda hukunitambua.

Sitakuficha. Lennox yuko hapa na watu wa kamera. Wanataka kupiga filamu ya mtoto aliyerudi nyumbani, na mama anayemfungulia. Niliwaambia kwangu utafungua. Ni dakika chache tu, kisha watakwenda, nami nitabaki nawe.

Tafadhali, mama.

Zoher

Bondeni, Mombasa
9 Januari 2025

Mwanangu Zoher,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na Fariha mko salama, na mtoto anacheza vizuri tumboni. Mwambie ale tende.

Nilikutambua mara ya kwanza tu ulipoita. Mama hapotezi sauti ya mwanawe hata wakiita mia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Kisha nikamsikia mtu akikwambia, "Tena, Zoher, uite kwa uchungu zaidi." Na wewe ukaita tena, kwa uchungu zaidi. Hapo mkono ukanishuka.

Ulipokwenda kulia garini, Lennox alibaki chini ya dirisha. Nikamwita. Nikamuuliza, "Mnanitaka mimi au mnautaka mlango?" Akasema, "Mlango, mama." Hakufikiri hata kidogo. Nikamwambia, "Basi uchukueni." Wameikodi nyumba nzima. Awino alitafuta mahali, nasi sasa tunakaa wote hapa Bondeni, ghorofa ya tatu. Chumba changu kinatazama ukuta. Goti lanisuta kila siku, na nyumba niliyokuzalia naiota. Lakini nasema kwa sauti yangu, na nikitaka kushuka nashuka.

Juzi nilipita Kibokoni. Wamemweka mwanamke mlangoni, amevaa vazi la rida, rangi ya waridi, vipande viwili kama tuvaavyo sisi, na bangili mpaka kiwikoni. Ni msichana mzuri, amechoka kidogo. Alinipa kachiri nionje. Wanatia ndimu ya unga, si ubuyu. Akaniuliza, "Mama, ushawahi kuingia nyumba hii? Ni nzuri sana ndani." Watu nyuma yangu walikuwa wakisukuma, nikamwambia sijawahi, nikasogea kumpisha aliyefuata.

Njoo, lakini uje peke yako. Nitakupikia.

Mamako,
Hajrabai