Milango ya Pijo ya Baba

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Nimeng'oa milango yote minne ya gari. Mgongo sina! Bawaba zilikuwa zimeshikwa na kutu, moja nimelazimika kuikata. Na ndani ya mlango wa dereva nimekuta nini? Maganda ya njugu! Baba na njugu zake. Nimecheka peke yangu pale uani, halafu nikachoka hata kucheka.

Gari liko juu ya mawe tangu lifike hapa Kayole. Magurudumu tunaishi nayo ndani — ukiyaacha nje, asubuhi unakuta yameibwa. Mke wangu Mideva ameyapanga sebuleni mawili mawili na kuyafunika vitambaa. Wageni wanawekewa chai juu yake.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani sikwenda. Msasa kutwa nzima. Vumbi hadi kwenye meno.

Daktari alishasema hana dawa nyingine ya kumpa Mama, bora akapumzike kwao Kimilili. Mama aliyapokea vizuri kuliko sisi. Anataka kitu kimoja tu: afike akiwa amekaa, anajionea njia, si amelazwa kwenye sanduku. Mimi nikaropoka nitampeleka kwa Pijo ya Baba, kiti chake kilekile cha mbele, kama enzi za marehemu. Nataka wale wa nyumbani waisikie ikiingia. Basi, nimesema ukweli.

Jumatano, 7 Agosti

Kiwandani wametukalisha hadi giza. Miguu inawaka.

Abdinoor wa ghorofa ya chini amejitolea kumpeleka Mama na Probox yake ya kubebea mzigo. Hata kesho, anasema. Nimemshukuru, nikamwambia si lazima. Mideva alisikia. "Baba Nafula, Mama anangoja nini? Mlango?" Nikamjibu vibaya. Sasa anaosha vyombo kwa kishindo, na vyombo vyenyewe ni safi.

Jumamosi, 10 Agosti

Imerudi! Yote minne! Nimeipima, nimelegeza, nimekaza, nimepima tena. Inafunga kwa kidole kimoja. Abdinoor amejaribu mwenyewe: "Walahi Lusweti, hii inashika kama friji!" Nilisikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi. Mama akanipungia mkono kutoka dirishani.

Tunaondoka Jumamosi ijayo. Ruhusa ya kazi ni ya siku hiyo.

Alhamisi, 15 Agosti

Mama hakula. Miguu imevimba. Ameniuliza kama safari bado ni Jumamosi. Nikasema ndiyo. Baada ya muda akauliza tena.

Ijumaa, 16 Agosti

Ee Mungu wangu.

Nimefunga magurudumu, nikatoa mawe, nikashusha jeki. Taratibu kabisa. Gari likalia — mlio mrefu, wa chini. Nikafungua mlango wa Mama. Ukafunguka. Kufunga, wapi! Unagonga kitasa na kurudi. Wa nyuma yake, hivyo hivyo.

Kumbe mawe ndiyo yaliyokuwa yameshikilia gari katikati. Chuma cha chini ya milango kimeoza chote. Nilipotoa mawe, tumbo limelala, nafasi za milango zimekuwa mshazari. Nilipima milango ya gari lisilokuwa na miguu! Kila fundi hupima likiwa limesimama kwa magurudumu. Yangu yalikuwa yamebeba vikombe.

Nimemwita Opicho wa kuchomelea. Amelala chini na tochi, akatoka akijikung'uta. Hiyo ni ya kukata na kujenga upya, anasema. Wiki mbili, labda zaidi. Nikamwambia Mama hana wiki mbili. Akazima tochi.

Nikapanda kumwambia Mama. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kitu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, mimi niliomba kufika nyumbani. Gari ulilitaka wewe." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo limeniumiza. Mideva ndiye aliyeshuka kuzungumza na Abdinoor. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi. Probox iko getini. Abdinoor ametandika blanketi kwenye kiti cha mbele na kutupa nje magunia yote. Hajanitania leo.

Tulimshusha Mama, mimi bega hili, Mideva lile. Kila ghorofa alipumzika. Kufika uani, akageuka akaenda zake kwenye Pijo. Akaketi mbele, leso magotini. Nikadhani amebadili nia! Ningefunga ule mlango kwa kamba. Ningeendesha hivyo hivyo hadi Kimilili.

"Namuaga tu baba yenu," akasema. "Mkimaliza kupakia mniite."

Wamemaliza kupakia. Ni mimi ninayepaswa kumwita na kumhamisha. Nimesema nimesahau dawa, nikapanda mbio. Dawa ninazo mkononi. Nimekaa kitandani na kinachonishinda ni kusimama.

Abdinoor amepiga honi, kidogo tu, ya adabu. Na Mama ameniita. Sauti imekuwa nyembamba hivi! Sikuitika. Sasa anaita tena —