Kikapu cha Nyaya za Rangi

Swahiba, weka chini hicho kikombe. Nimemkatia mkwe wangu intaneti katikati ya usaili wa kazi. Kwa mkasi. Mimi mwenyewe!

Unakijua kile kikapu nilichoanza kusuka nilipomaliza kufufua redio? Ulibaki ukingo tu. Nikataka urembo, na zile nyaya nyembamba za rangi zilizomo ndani ya waya wa intaneti zinang'aa kuliko ukindu wowote.

Nyuma ya kabati kulikuwa na nyaya mbili za buluu. Mmoja mpya, niliouvuta mwenyewe juzi. Mwingine wa zamani, niliosema nitautoa. Nikakata. Nikakata ule mpya! Mimi niliyeuvuta, swahiba!

Nikamsikia mkwe chumbani, "Haloo? Mnanisikia? Haloo?"

Akatoka macho mekundu, akauona mkasi. "Baba, umefanya nini?"

Nikamwambia, "Nasuka."

Nasuka! Ndilo jibu lililonitoka.

Mwanangu naye akadakia: "Mzee, mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika kumi!"

Nikampa simu yangu, akawapigia wale wasaili. Wamemwambia watamjulisha. Na wewe unajua "tutakujulisha" ilivyotuzeesha mimi na wewe.

Sasa hivi amekaa hapa kando yangu, anakigeuzageuza kile kikapu. Ananiuliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, "Na hiki ulikuwa unamsukia nani, Baba?"

Nimjibu nini, swahiba? Kilikuwa chake, cha kwendea kazini.