Shomari, Dawa Niliyoagiza Haikuwa ya Nyoka Wetu

Shomari, rafiki yangu,

Leo nilikwenda Kaole kwa mama yako. Nimemwambia. Miezi yote hii alijua tu kwamba uliumwa na nyoka mazoezini, upande wa Saadani, ukafa kwa kudra ya Mungu. Hakujua kwamba dawa ilikuwepo, ukachomwa, na haikukusaidia kwa sababu ilitengenezwa kwa nyoka wa nchi nyingine. Hakujua kwamba aliyeiagiza ni mimi.

Unakumbuka nilivyopelekwa manunuzi. Nilikuwa mpiga chapa. Nikapewa semina ya siku tatu na cheti, basi, nikawa mnunuzi wa jeshi. Ulinitania kantini: "Zuhura, tusije tukaletewa viatu vya mguu mmoja." Tukacheka. Kwenye fomu niliandika "dawa ya sumu ya nyoka". Nyoka gani, sikuuliza. Daktari wa kikosi yupo mlango wa tatu kutoka kwangu, wala sikujua kwamba anapaswa kuulizwa. Makaratasi yalikuwa safi. Hakuna aliyeiba, Shomari. Siku nyingine natamani angekuwepo mwizi.

Mama yako alinisikiliza huku anachagua mchele. Akauliza, "Ulijua, mwanangu?"

Nikamwambia sikujua.

"Sasa kazi yako ilikuwa nini?"

Hakunifukuza. Alipopika, alinipakulia na mimi.

Mafunzo ya manunuzi yamebadilishwa. Sasa ni mwaka mzima, na kabla fomu haijajazwa, daktari, fundi na askari atakayekitumia kitu wanakaa meza moja na mnunuzi. Ungekuwa hai, ungeitwa na wewe. Mkuu alitaka nifundishe, eti nina uzoefu. Nikamwambia, "Afande, uzoefu wangu umezika mtu. Naomba niwe mwanafunzi." Basi nakaa na vijana wanaoniamkia shikamoo kabla ya kufungua madaftari. Mtihani wa kwanza ulituambia tueleze dawa tunayotaka kununua. Nikaikumbuka fomu ile, nikakabidhi karatasi tupu.

Nitaurudia Jumatatu. Nikifeli, nitaurudia tena. Mpaka nifaulu, sitaagiza hata plasta.

Nakuaga sasa, Shomari. Mungu akupanulie hapo ulipo. Msamaha sikuombi, maana huwezi kunijibu. Ila kila Alhamisi nitakwenda Kaole nimchotee mama yako maji. Hajaniambia nije, wala hajanikataza.

Zuhura