Doti moja juu ya nyumba mbili na kaburi

Jumatano, Novemba 1998

Mawingu yamekaa juu ya kijiji tangu asubuhi kama wageni wa msiba: hayanyeshi, hayaondoki. Kuku wameingia ndani mapema. Nimekaa mlangoni, na ukutani kwangu kuna alama ya rangi nyekundu, bado mbichi.

Alama hiyo niliiomba mwenyewe.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya. Shule sikuikanyaga, herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima. Naandika polepole, na aibu inapata nafasi ya kutosha.

Jana alikuja mpimaji wa kampuni ya dhahabu, Deo, mtu wa adabu, akatuamkia wote. Kampuni inataka kujua nani yuko ndani ya eneo lake na nani yuko nje. Wa ndani watahamishwa: nyumba, zizi, hata makaburi. Alishika kimashine cha mkononi kinachojua mahali uliposimama. Kioo chake kidogo kama kiberiti, na ndani yake ramani ya vidoti vyeusi vilivyobanana kama chawa kwenye mshono. Akasema mpaka unapita nyuma ya ua wangu wa minyaa. Mimi nje. Kaburi la mume wangu Masanja nje. Jirani yangu Mama Shija, nje.

Ningenyamaza hapo, saa hizi ningekuwa napepeta uwele.

Lakini macho yangu yamechoka, mdomo ndio haujachoka. Sikuona kitu kwenye kile kioo. Nikamwambia mbele ya balozi wa nyumba kumi na watu wote: "Wewe baba, ardhi yote hii unaipima kwa kiberiti? Siweki dole gumba kwenye kitu nisichokiona. Lete kikubwa!"

Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa. Mama Shija akanivuta kanga. "Mama, mwache. Si ameshasema tuko nje?" Nikamtoa mkono.

Huku kwetu nani aliwahi kudanganywa na kitu kikubwa? Debe kubwa ndilo la haki, dogo ndilo la mwizi. Deo alisita, akasema kile kikubwa kilichoko garini ni cha zamani. Nikajua ananificha. Akakileta. Kioo kipana kama daftari! Nikaona kila doti, nene, nyeusi, ningeweza kuzihesabu kwa kidole. Nikafurahi kama mtoto aliyepewa nyama. Nikaweka dole gumba hapo hapo kwenye karatasi yake, kwamba nakubali kipimo cha kile kikubwa, balozi akashuhudia.

Ndipo nikauliza, "Haya, nyumba yangu iko wapi?"

Deo akaonyesha doti moja. Mpaka haukuwa uzi tena, ulikuwa ngazi iliyovunjika, na ile doti ilikuwa kipande cha ngazi. Nyumba yangu ilikuwa humo. Ya Mama Shija humo. Masanja humo.

"Kikubwa kina doti chache kuliko kile kidogo, bibi," akasema taratibu. "Kioo kikiwa kipana, doti haziongezeki. Kila moja inabeba ardhi kubwa zaidi. Na ikigusa mpaka, tumeamriwa tuandike ndani."

Hakuna aliyecheka tena.

Asubuhi hii wamekuja wenye rangi. Kwangu alama moja, kwa Mama Shija alama moja. Kaburi hawakulipaka. Wamelichomekea kigingi kichwani, na kila nikipita namwona Masanja kama mtu aliyepigwa msumari.

Mchana nimefanya jambo. Nimechukua kifuniko cha chungu na kiganja cha uwele, nikapanga boma letu punje kwa punje. Mlango ulionekana. Kaburi lilionekana. Hata ule mwanya wa minyaa wanakopita mbuzi. Kisha nikachukua ungo mkubwa na punje chache za mahindi, nikapanga boma lile lile. Punje moja ikafunika mlango, kaburi na jirani. Ungo ule ni mara tatu ya kifuniko, na haukunionyesha kitu.

Basi ndiyo hivyo. Usiulize kioo ni kikubwa kiasi gani. Uliza kina doti ngapi, na zimebanana vipi. Nimejua baada ya dole gumba.

Naogopa. Nimezika watoto wawili na mume, njaa imeniona na nimeiona, lakini hofu hii haina uso. Leo magari mawili yamepita barabarani bila kusimama, na mara zote mbili nilisimama mimi.

Kesho nitakwenda kwa miguu hadi kambini kwa kampuni, nimwombe Deo mbele ya wakubwa wake apime tena kwa kile kidogo. Nitasema mpumbavu ni mimi, si yeye. Wanaweza kunifukuza. Karatasi ina dole langu.

Lakini kabla ya kambini, kwa Mama Shija. Tangu jana hajaniamkia, na moshi wa jikoni kwake leo sijauona. Kwa umri ni wa kuwa binti yangu. Kwa desturi yetu yeye ndiye anayenipigia magoti. Alfajiri nitampigia mimi, mlangoni kwake, chini ya ile rangi.

Akinisikia pale, atanifungulia?